Historia ya Ujiji Imo Mekoni

Itaje Ujiji mbele ya mtu yeyote aliyepita shule ya msingi, atakujibu harakaharaka: Stanley, Livingstone, mwembe, tarehe 10 Novemba 1871. Basi! Historia yetu yote, miaka nenda miaka rudi ya kuvua, kufinyanga, kuuza na kununua, imefungiwa ndani ya salamu ya Wazungu wawili. Ukienda pale kwenye makumbusho utawakuta wamesimama, sanamu mbili, wanapeana heshima mpaka kesho. Mimi sina ugomvi nao. Lakini kila nikitoka pale huwa najiuliza swali la mtu mwenye njaa: hivi siku ile walikula nini, na kilipikwa kwenye chombo gani?

Stanley hakuwa mchoyo wa maneno. Katika kitabu chake cha mwaka 1872 ametueleza jinsi alivyotoa chupa ya shampeni na vikombe vya fedha, wakanywa yeye na mzee Livingstone. Amemtaja pia Halima, mpishi wa Livingstone, mama wa watu aliyehangaika jikoni kuwalisha wageni. Vikombe vya fedha vikaingia kwenye historia. Halima akapata mistari michache. Chungu chake hakikupata hata sanamu.

Ndugu msomaji, leo nataka tuwaache wazee wale palepale chini ya mwembe, tuzunguke nyuma, tuingie uani kwa akina Halima. Maana ukitaka kujua nchi hii ya ziwani imepitia nini, angalia kila zama iliinjika chombo gani juu ya mafiga. Na ukitaka kujua leo ununue sufuria ipi, kwa vijisenti hivihivi tulivyo navyo, ili ikae miaka, jibu limo humohumo ndani ya historia. Usicheke. Twende.

Zama za chungu

Tuanzie Uvinza, mashariki ya Kigoma, karibu na pale mto Ruchugi unapoingia Malagarasi. Ardhi ya pale inatoa maji ya chumvi. Miaka ya 1960 wataalamu wa mambo ya kale, John Sutton na Andrew Roberts, walichimba mahali pale wakakuta meko ya kale na vigae vya vyungu, vigae juu ya vigae, vingine vya zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Kazi ilikuwa moja: kuchota maji ya chumvi, kuyatia chunguni, kuyachemsha mpaka maji yaondoke na chumvi ibaki. Chumvi hiyo ndiyo iliyosafiri mpaka ziwani na kuvuka ng'ambo, ikabadilishwa kwa vitu vingine.

Sasa fikiria. Kuchemsha chumvi kutwa nzima ni adhabu kubwa kwa chombo chochote. Chungu kinapasuka. Kwa nini basi watu waling'ang'ania udongo karne zote hizo? Walikuwa hawajui chuma? Walikijua sana, wahunzi walikuwepo, majembe yalifuliwa. Waling'ang'ania udongo kwa sababu udongo ulikuwa pale, na mfinyanzi alikuwa pale. Chungu kikipasuka, hakuna msiba. Kingine kinakauka kivulini kwa jirani.

Bibi yangu mzaa mama, mtu wa Ujiji kindakindaki, alikuwa na sheria zake za chungu. Kipya hakipikiwi mboga kabla hakijapikiwa uji. Sisi watoto tulidhani ni mila tu. Kumbe ule wanga unaingia kwenye vitundu vidogovidogo vya udongo na kuviziba, chungu kisivuje. Sheria ya pili: usimwagie chungu cha moto maji ya baridi. Ya tatu: mgebuka na mawese vikipikwa ndani ya chungu havina haja ya moto mkali, kwa sababu udongo ukishashika joto hauliachii upesi. Unaepua, unakaa, unapiga stori, chakula bado kinachemka. Kuni hizo umeokoa.

Weka akilini jambo la kwanza ambalo chungu kinatufundisha: hakikudumu kwa ugumu wake. Kilidumu kwa sababu aliyekifinyanga alikuwa hatua chache tu.

Zama za shaba

Neno lenyewe "sufuria" lina kisa. Limetoka kwenye Kiarabu, kwenye neno la shaba ya njano, na ndugu yake ni neno la rangi ya njano. Yaani sufuria, kwa asili, haikuwa hiki cheupe chepesi tunachokijua. Ilikuwa chombo cha shaba, kizito, chekundu au cha njano kama jua la magharibi juu ya Tanganyika.

Chombo hicho kilifika kwetu na misafara. Burton na Speke walipofika Ujiji Februari 1858 walikuta watu wa pwani wamekwisha kutia nanga zamani. Wasafiri wa miaka ya 1870 walikuta soko lenye pesa yake, shanga ziitwazo sofi, fupi kama vipande vya kiko kilichovunjika. Chumvi, mawese, samaki, pembe za ndovu, vyote vilipita hapo. Shaba ya Katanga nayo ilivuka ziwa, lakini zaidi ilikuja kama misalaba na vipande vya kufanyia biashara na mapambo. Sufuria yenyewe ya shaba ilitoka upande wa pili, pwani.

Na ilitokaje pwani? Kwa kichwa cha mtu. Stanley mwenyewe alihesabu siku 236 tangu Bagamoyo mpaka Ujiji. Mpagazi alibeba frasila mbili hivi, yaani kama kilo 32. Sufuria moja kubwa ya kupikia pilau ya watu wengi ilikula nafasi ya nguo au shanga kwenye mzigo huo, miezi na miezi, mito na mbuga. Basi ujue thamani yake. Haikuwa ya kila nyumba. Ilikuwa ya tajiri, ya arusi, ya maulidi, ya msiba mkubwa.

Na tusifichane. Ujiji hiyohiyo ilikuwa pia soko la watumwa. Mwenye sufuria ya shaba alikuwa mmoja, aliyeisugua alikuwa mwingine. Wanawake waliotekwa Manyema na kwingineko ndio waliochota maji, waliokoka moto, waliokwangua ukoko. Wengi wao na watoto wao walibaki, wakawa ndio Ujiji yenyewe. Ukiona sufuria ya shaba inang'aa kwenye kioo cha makumbusho popote pale, uliza kwanza ni mikono ya nani iliyoing'arisha.

Kama chombo cha kupikia, shaba haina mpinzani kwa kusambaza moto. Inaupitisha kama mara 5 kuliko chuma, kwa hiyo wali hauungui upande mmoja ukabaki mbichi upande mwingine. Lakini ina ugonjwa wake. Ukiipikia kitu kichachu, ndimu, ukwaju au nyanya, inatoa kutu ya kijani, na kutu ile ni sumu. Dawa yake ni kuipaka bati kwa ndani. Na bati linayeyuka kwenye nyuzi 232 tu. Ukiisahau sufuria tupu motoni, bati linakimbia. Kwa hiyo kila baada ya muda sufuria ya shaba lazima irudi kwa fundi, ipakwe upya. Bila fundi huyo haifai tena kupikia.

Alumini inashuka garini

Mwaka 1886 watu wawili, Hall huko Marekani na Héroult huko Ufaransa, kila mmoja kivyake, waligundua namna ya kutoa alumini kwa umeme. Kabla ya hapo alumini ilikuwa kitu cha wafalme. Napoleon wa Tatu alijivunia vijiko vyake vya alumini mbele ya wageni. Baada ya hapo bei ikaporomoka. Chuma cha wafalme kikaanza safari ya kuja kwa mama ntilie!

Kilihitaji njia tu. Njia yenyewe ilifika Februari 1914, reli ya Wajerumani ilipogusa maji ya Kigoma. Kwa reli hiyo ndiyo ilikuja meli ya Graf von Götzen, imeundwa Papenburg mwaka 1913, ikavunjwavunjwa na kutiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikaungwa upya hapa Kigoma na kushushwa majini Februari 1915. Mwaka uliofuata, Julai 1916, Wajerumani wakaizamisha wenyewe wasije wakaiacha kwa adui, lakini kwanza wakaipaka mitambo yake mafuta mazito. Waingereza wakaizamua mwaka 1924, na Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Nitairudia meli hii baadaye, maana ina somo la jikoni.

Reli ndiyo iliyoivunja nguvu shaba. Alumini uzito wake haufiki hata theluthi ya uzito wa shaba. Haihitaji bati. Inapitisha moto vizuri, si kama shaba lakini karibu mara tatu ya chuma. Mombasa kiwanda cha Kaluworks kilianza mwaka 1929. Dar es Salaam kikaja kiwanda cha Aluminium Africa, hiki tunachokiita ALAF, mwaka 1960. Polepole neno "sufuria" likahama: likaiacha shaba, likahamia kwenye alumini, na mtoto aliyezaliwa baada ya Uhuru hakujua kama liliwahi kuwa na rangi nyingine.

Angalia umbo la sufuria yetu. Haina mikono. Ina mdomo uliokunjwa nje, ukingo mpana kidogo. Hii si bahati mbaya. Ukingo ule unaishika juu ya mafiga na juu ya jiko la mkaa, na unampa mpishi pa kushika kwa kitambaa au kibanio.

Miaka ya uhaba

Halafu ikaja miaka ambayo wazazi wetu wakiisimulia wanashusha sauti. Vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979 viliiacha nchi mifuko mitupu. Sabuni hakuna, sukari kwa foleni, vitu kwa kibali. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Sokoine alitangaza vita dhidi ya wahujumu uchumi, na wapo waliotupa bidhaa usiku kwa hofu ya kukutwa nazo. Sufuria mpya ilikuwa habari ya mtaa mzima.

Katika miaka hiyo mfalme wa mtaa alikuwa nani? Fundi wa vitako! Mama amenisimulia: sufuria ikitoboka haitupwi. Fundi anakata kitako kilichochoka, anakata duara jipya kutoka kwenye kipande chochote cha alumini, anakunja pindo juu ya pindo, anagonga taratibu kwa nyundo mpaka maji hayapiti. Malipo? Pesa ikiwepo, pesa. Isipokuwepo, dagaa. Mama anasema sufuria yake ya kwanza ya arusi ilibadilishwa kitako mara tatu, na akiulizwa kama bado ni ileile, anajibu, "Ni ileile. Kwani wewe ukibadili viatu unakuwa mtu mwingine?"

Hapo ndipo narudi kwenye Liemba. Meli ile imezama, imezamuliwa, imebadilishiwa mitambo, imepigwa viraka. Mei 2015, ikiwa na umri wa miaka 100, ndiyo iliyowatoa maelfu ya wakimbizi wa Burundi kwenye ufukwe wa Kagunga na kuwaleta Kigoma. Iliishi miaka yote hiyo kwa sababu kizazi baada ya kizazi hapakukosekana watu wa kuitengeneza, sawasawa na sufuria ya arusi ya mama.

Na kwa kuwa nimewataja wakimbizi: mkoa wetu umewapokea mwaka 1972, 1993, 1996 na 2015. Mtu anayekimbia bunduki hana muda wa kuchagua, lakini tazama anachokibeba: mtoto mgongoni, godoro kichwani, na sufuria. Ukiwa na sufuria, popote utakapookota mawe matatu una nyumba.

Sufuria ya bibi

Bibi alikuwa nayo moja ya shaba. Wazee wa ukoo walisema ilikuja na msafara, nami sina sababu ya kubishana na wazee. Tulipokuwa wadogo ilikaa ukumbini, imefunikwa kwa kitambaa, ndani yake mna karanga za mbegu. Haikupikiwa tena. Fundi wa mwisho wa kupaka bati mtaani kwetu alifariki zamani, wanawe wakaenda kutengeneza redio.

Siku moja akapita mnunuzi wa vyuma chakavu na mizani yake ya kuning'iniza. Sufuria ikapanda: kilo 9. Baba mdogo alikuwa anatafuta ada ya binamu yangu. Shangazi akasema haiuzwi, ni ya mababu. Baba mdogo akajibu mababu hawalipi ada. Ukumbi ukachafuka! Bibi akanyamaza muda mrefu, kisha akauliza swali moja tu: "Mkiiuza, yupo wa kuipaka bati mliyemkatalia?" Hakuwepo. "Basi ichukueni. Chombo kisichopikiwa ni jiwe."

Ikauzwa. Ada ikalipwa, na chenji ikanunuliwa sufuria nne za alumini, seti nzima na mifuniko yake, nyepesi kama karatasi. Leo hii imebaki moja. Kitako chake ni cha pili.

Sikuandika haya ili tulie. Nimeyaandika kwa sababu bibi, ambaye hakusoma hata darasa moja, alikuwa amesema ndani ya sentensi moja kile ambacho chungu cha Uvinza, fundi wa vitako na Liemba walikuwa wakituambia muda wote. Chombo kinakufa siku fundi wake anapokufa.

Ununue ipi?

Sasa tuingie sokoni, Mwanga au Ujiji, pesa mkononi. Utakuta aina tatu.

Ya kwanza ni ya alumini ya bapa, nyepesi, ya kiwandani. Bonyeza kitako chake kwa kidole gumba. Kikibonyea na kurudi kama mfuniko wa kopo, iache. Ugali wa muhogo utakikunja mwezi wa kwanza, kitatoka tumbo, na sufuria itacheza juu ya mafiga kama mtumbwi usio na mtu. Chagua iliyo nene, yenye ukingo uliokunjwa sawasawa, na kitako bapa. Kama ina mikono, iwe imepigwa ribiti imara. Piga hesabu hivi: ya shilingi 8,000 ikikaa mwaka mmoja, na ya 30,000 ikikaa miaka 10, ipi ghali? Rahisi ni ghali, walisema waliotutangulia. Tena ile nene ndiyo inayokubali kitako kipya.

Ya pili ni ile nzito ya kusubu. Alumini inayeyuka kwenye nyuzi 660, moto ambao mkaa na kipulizo vinaufikia. Ndiyo maana fundi wa mtaani anaweza kuyeyusha vyuma chakavu, akavimimina kwenye kalibu ya mchanga, akatoa chungu kitakachokuzika wewe na wajukuu. Kinakaa na moto, hakipindi. Lakini hapa, mshikaji, funga breki. Kilichoyeyushwa ni nini? Vipande vya injini? Rejeta? Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti wa Weidenhamer na wenzake uliopima vyombo vya alumini kutoka nchi 10, Tanzania na Kenya zikiwemo, na baadhi vilitoa madini ya risasi vilipochemshiwa kitu kichachu. Risasi inadhuru ubongo wa mtoto, na haina kiwango kinachojulikana kuwa salama. Kwa hiyo kama humjui fundi wala chuma chake, mboga ya nyanya na ndimu usiipikie humo. Kudumu peke yake si sifa. Sumu nayo hudumu.

Ya tatu ni ya chuma cha pua. Haishiki kutu, haiogopi ndimu, inakaa miaka mingi. Kasoro yake ni kwamba inapitisha moto kwa shida, kwa hiyo nyembamba inaunguza katikati. Tafuta yenye kitako kinene kilichopachikwa. Bei yake inauma, na ikitoboka fundi wetu wa nyundo hana la kufanya. Kwa mboga chachu, ukiweza, nunua moja tu, ndogo.

Ukishanunua, itunze. Magadi ya kulainishia maharage yanakula alumini. Yatie kidogo, au maharage uyarudishe kwenye chungu chake. Majivu nayo ni walewale. Mchanga wa ziwani unang'arisha, ndiyo, lakini kila unapong'arisha unapunguza sufuria. Masizi ya nje hayana dhambi. Yaache, yanasaidia kunyonya joto. Na kabla hujaondoka sokoni, muulize muuzaji kama mtaani kwako yupo fundi wa vitako. Kama yupo, mjue kwa jina na kwa nyumba.

Na ninyi waandishi wenzangu, mnaonitumia mashairi ya mwezi na mawimbi, haya basi. Nyumba hadi nyumba, kutoka Kibirizi mpaka Ujiji, kuna mama mwenye sufuria yenye miaka kuliko mimi na wewe. Amevuka nayo ziwa, au ameipata siku ya arusi, au ameipanga foleni. Chukua daftari ukamuulize, wiki hii, kabla mnunuzi wa vyuma chakavu hajapita na mizani yake.